SOMO: Tuhesabu Faili Kabla ya Kununua Seva



Siku hizi parokia nyingi hutunza vitabu vya ubatizo, hesabu za miradi na picha za visima katika kompyuta. Kamati inapoomba fedha za seva ya kutunzia nakala rudufu, swali la kwanza huwa, "Tuna gigabaiti ngapi?" Ni swali zuri, lakini halitoshi. Katika somo hili tunajifunza kuuliza la pili: "Tuna faili ngapi?"

Faharasa ni nini?

Programu ya nakala rudufu hutunza vitu viwili. Cha kwanza ni nakala zenyewe. Cha pili ni faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila faili ilinakiliwa lini, ilitoka kompyuta gani na imewekwa wapi. Bacula, kwa mfano, ambayo ni programu huria iliyotolewa kwa umma mwaka 2002, huweka faharasa yake katika hifadhidata kama PostgreSQL. Mkaguzi akiomba stakabadhi moja ya mwaka 2019, faharasa ndiyo inayoonyesha ilipo. Nakala bila faharasa ni kama ghala la magunia yasiyo na alama: mali ipo, lakini kupata gunia moja lazima ufungue yote.

Faili ikiwa kubwa au ndogo, ingizo lake katika faharasa ni karibu lilelile. Kitabu cha ubatizo chenye kurasa 200, kikitunzwa kama picha ya kila ukurasa, ni faili 200. Kikiunganishwa kuwa waraka mmoja, ni faili 1.

Mfano wa hesabu

Tuchukue ofisi yenye gigabaiti (GB) 300 katika faili 400,000. Kila mwezi hufanya nakala kamili, na kila siku hunakili asilimia 1 iliyobadilika. Nakala hutunzwa miezi 6.

1. Nakala: kamili, 300 x 6 = GB 1,800; za kila siku, 3 x 30 x 6 = GB 540. Jumla GB 2,340.

2. Faharasa: faili 520,000 kwa mwezi x 6 = maingizo 3,120,000. Tukikadiria baiti 400 kwa kila ingizo, ni GB 1.25 hivi.

3. Ukuaji: tukitarajia ongezeko la asilimia 20 kwa mwaka kwa miaka 3, tunazidisha kwa 1.73. Nakala zinafika GB 4,050 na faharasa GB 2.2.

4. Nafasi ya ziada: diski ya nakala isijae kupita asilimia 80, hivyo tunahitaji GB 5,060. Faharasa tunaizidisha mara 3, kwa kuwa hifadhidata huhitaji nafasi ya kujipanga upya na ya nakala yake: GB 7 hivi.

Tununue nini?

Ofisi hii inahitaji diski 2 za terabaiti 6 zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Faharasa ikae peke yake kwenye diski ya SSD, kwa sababu husomwa vipande vidogo vidogo huku na huku, na diski za kuzunguka huchelewa katika kazi hiyo. RAM ya GB 8 inatosha. Hakuna haja ya seva ya gharama kubwa. Fedha zinazobaki zinunue kifaa cha betri cha kushikilia umeme, maana umeme ukikatika ghafla faharasa inaweza kuharibika, pamoja na diski ya kutunzwa nje ya ofisi.

Lakini kama programu inatafuta pia maneno yaliyomo ndani ya nyaraka, faharasa itakuwa kubwa zaidi. Ijaribuni kwanza kwa folda moja na kupima.

Tahadhari

Faharasa nayo inakiliwe kila siku. Ikipotea, programu italazimika kusoma nakala zote ili kuijenga upya. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, kusoma tu GB 2,340 huchukua saa 6 na nusu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ofisi yetu ina faili ngapi, na zinaongezeka kwa kasi gani?
2. Nakala zetu tunapaswa kuzitunza kwa muda gani?
3. Nani atajaribu kurudisha faili moja kila mwezi na kutuletea taarifa?