"Nitafanya mwenyewe!"

SWALI: Mwanangu wa miaka minne hutengeneza magari kwa maboksi ya dawa ya meno na vifuniko vya soda. Nikimsaidia, ananipokonya. Gari likiharibika, analia. Nifanyeje?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, hongera. Mtoto anayesema "nitafanya mwenyewe" anajifunza kupanga, kujaribu na kurudia. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, alisisitiza jambo hilo hilo: mtoto asaidiwe aweze kufanya mwenyewe.

Gawaneni kazi. Kutoboa vifuniko kwa msumari ni kazi yako. Kuchagua, kupaka gundi na kuunganisha ni kazi yake. Mwekee vifaa kwenye sinia moja analolifikia: maboksi, vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ncha, mkasi butu, na gundi ya uji mzito wa unga wa ngano. Kama ana mdogo wake, vifuniko vikae mbali naye, maana vinaweza kumkaba.

Gurudumu lisipozunguka, usilishike. Muulize, "Unadhani limekwama wapi?" Mpe muda. Huenda akagundua mwenyewe kwamba kijiti kimegandishwa na gundi kwenye boksi, wakati kinatakiwa kizunguke ndani ya tundu.

Akilia, mpakate kwanza: "Pole, umelihangaikia sana." Akitulia, atarudi kazini. Na gari likienda upande, usilinyooshe usiku akiwa amelala. Hilo ni lake.