MZEE ANAPOPOTEWA NA KUMBUKUMBU

Masomo: 1 Wafalme 1:1-18, Zaburi 71



Mfalme Daudi alipozeeka alifunikwa nguo asipate joto, na Adonia akajifanya mfalme, Daudi asijue mpaka Bathsheba na Nathani walipoingia kumwambia. Biblia haisemi aliugua nini. Lakini angalieni: hakuna aliyesema mzee ana pepo. Waliinama mbele yake, wakamkumbusha.

Hapa kambini mambo ni mengine. Mama mzee akitoka usiku, akakosa mlango wake na kukutwa nyuma ya nyumba ya jirani, asubuhi mtaa mzima unasema ni mchawi. Nami sijitoi katika kosa. Miaka iliyopita tulimfungisha mama mmoja siku tatu, tukikemea pepo wa kusahau. Vidonge vyake vya presha vilibaki vimefungwa kwenye kitambaa. Siku ya nne mdomo ulipinda na mkono ukalegea. Nilitubu mbele za Mungu na mbele ya watoto wake, na ndiyo sababu ninaandika somo hili.

Madaktari huita ugonjwa huu demensia ya mishipa ya damu. Mshipa wa ubongo ukiziba au kupasuka, sehemu ile hukosa damu na kufa. Hicho ndicho kiharusi. Kikubwa kila mtu hukiona. Vidogo hupita kimya kimoja baada ya kingine, na kila kimoja huondoka na kitu. Kwa hiyo mzee aweza kukaa vizuri miezi kadhaa, kisha akashuka ghafula kama mtu anayeteremka ngazi. Huwaza polepole, hushindwa kupanga kazi aliyoizoea kama kupika ugali, hulia au kukasirika bila sababu, mwendo hubadilika, mkojo humtoka.

Kinachoharibu mishipa sana ni presha, ambayo kwetu twaiita tansio. Pia ugonjwa wa sukari na tumbaku. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha. Kilichokufa katika ubongo hakirudi, tusiwadanganye watu. Lakini dawa ikinywewa kila siku, hata mtu akijisikia mzima, na chumvi ikipunguzwa, hatari ya kiharusi kingine hupungua. Maombi na kidonge havigombani.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, kimbieni zahanati saa ileile. Vilevile mzee aliyekuwa mzima akichanganyikiwa kwa siku moja au mbili, msingoje. Huenda ni malaria, maambukizo ya mkojo au kukosa maji, na hayo yana tiba.

Nyumbani msibishane naye. Sisi sote husema tunataka kurudi nyumbani. Yeye hufunga mzigo kweli na kuanza safari, akimtafuta mama yake aliyezikwa zamani. Mwulizeni habari za huyo mama, tembeeni naye kidogo, kisha mrudi pamoja. Ficheni panga, msimwache peke yake na makaa. Usiku tundikeni kopo mlangoni lilie mlango ukifunguka. Na yule mkwe anayefua nguo zake kila siku, apate mtu wa kumpumzisha.

Wenye mzee wa namna hii, mjulisheni kiongozi wa seli yenu. Akina mama wa kanisa wamekubali kukaa na wazee siku za mgao wa chakula, ili wanaowatunza wapange foleni bila hofu.