Somo la Kompyuta: Kupiga Hesabu Ndani ya Jedwali

Watu wengi wakichapa jedwali la mapato kwenye Microsoft Word hujumlisha kwa kikokotoo cha simu, kisha huchapa jibu. Bei moja ikirekebishwa, jumla ya zamani hubaki palepale, na mweka hazina ndiye anayeulizwa fedha zimekwenda wapi. Katika somo hili tutajifunza kuiachia programu yenyewe ikokotoe.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima hapa Chanzuru. Bei ni za mfano tu.

Zao – Magunia – Bei – Thamani
Mahindi – 10 – 60000
Mpunga – 4 – 90000
Alizeti – 3 – 50000
Jumla

Kila kisanduku kina anwani. Safu ya kwanza kushoto ni A, inayofuata B, kisha C na D. Mistari huhesabiwa 1, 2, 3 kuanzia juu. Kwa hiyo magunia ya mahindi yako B2, na bei yake C2.

Hatua za kufuata:
1. Weka kishale kwenye D2.
2. Fungua "Layout" ya jedwali, kisha bonyeza "Formula".
3. Futa kilichomo, andika =B2*C2, bonyeza OK. Utapata 600000.
4. Fanya hivyo D3 na D4 kwa anwani zao. Utapata 360000 na 150000.
5. Kwenye D5 andika =SUM(D2:D4). Jumla ni 1110000.

Word yenyewe hupendekeza =SUM(ABOVE), yaani jumlisha vya juu. Tuwe waangalifu nayo. Kichwa cha safu kikiwa namba, kama 2025, nacho kitajumlishwa. Na ikikuta kisanduku kitupu njiani huishia hapo, hivyo pasipo na kitu tuandike 0.

Jambo kubwa la kukumbuka: Word haibadilishi majibu yenyewe. Bei ya mahindi ikiwa 65000, jumla itaendelea kusoma 1110000 mpaka ubonyeze Ctrl na A, kisha F9. Hapo itakuwa 1160000. Asiyebonyeza F9 atachapisha taarifa yenye pungufu la shilingi 50000, na mtu mwaminifu atashukiwa bure.

Wanaotumia LibreOffice Writer hubonyeza F2 na kuandika =<B2>*<C2>. Hii kwa kawaida hujirekebisha yenyewe. Programu hii ilitokana na OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Zoezi:
(a) Mpunga ukiongezeka kuwa magunia 6, bei ya mahindi ikiwa 65000, jumla ni ngapi?
(b) Fomula gani itatoa wastani wa D2 hadi D4?

Majibu: (a) 1340000. (b) =AVERAGE(D2:D4).

Kabla ya kuchapisha taarifa yoyote ya fedha za watu, tubonyeze F9, kisha tuhakiki mstari mmoja kwa kalamu.