Gugu Karoti na Ndugu Zake: Jinsi ya Kuwatambua

Mtu akilipasua ua la alizeti kwa ukucha, ataona kwamba alilodhani kuwa ua moja kumbe ni maua mengi madogo yaliyokusanyika katika kichwa kimoja. Vijiua vya ukingoni huwa na petali ndefu, na vile vya katikati hufanana na vibomba vyembamba. Hiyo ndiyo alama ya jamii kubwa ya mimea ambayo wataalamu huiita Asteraceae, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyota. Ina aina zaidi ya 20,000 ulimwenguni. Pareto imo, saladi imo, na magugu mengi ya mashambani yamo pia.

Katika jamii hiyo kuna adui mmoja ambaye yafaa kila mkulima amjue kwa sura, nalo ni gugu karoti. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na mwaka 2010 lilitangazwa nchini Kenya kuwa gugu la hatari. Watu wengi huwashwa ngozi wakiligusa, na wengine hupata shida ya kupumua kwa sababu ya vumbi la maua yake. Ng'ombe akililisha tumbo lake, maziwa huwa machungu.

Shida ni kwamba hufanana na mimea isiyo na madhara hayo. Kishona nguo nacho kina maua madogo, na katika sehemu nyingine majani yake machanga huchumwa yakawa mboga. Kwa hiyo kukosea si jambo dogo. Basi yatazamwe majani kwanza. Ya kishona nguo hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jani limegawanyika sehemu chache pana zenye meno. Ya gugu karoti hutoka moja moja shinani yakipokezana, nayo yamekatikakatika sana kama ya karoti. Likiwa changa bado, majani hulala chini yakizunguka shina.

Kisha latazamwa ua. Katikati ya kichwa cha kishona nguo ni manjano, na mbegu zake ni vijiti vyeusi vinavyonasa nguo za wapitao. Kichwa cha gugu karoti ni cheupe chote, kidogo kuliko punje ya mtama au kama hiyo, chenye pembe tano, na kwa kawaida huzaa mbegu tano tu. Lakini vichwa ni vingi mno, hata mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000.

Lile gugu refu ambalo Wakikuyu huliita mubangi halihitaji kutazamwa sana: harufu yake kali hulitangaza hata kabla ya kuguswa, na majani yake hutazamana.

Likiisha kutambuliwa, gugu karoti ling'olewe pamoja na mzizi kabla halijachanua, wakati udongo ungali na unyevu, na mng'oaji avae glovu na shati la mikono mirefu. Lililokwisha kuzaa mbegu lisiburutwe shambani. Lifungwe katika gunia na kuchomwa hapo hapo, kwa maana mbegu zake husafiri katika matope ya magurudumu, kwato za mifugo na maji ya mfereji.