Kijana na Kompyuta: Somo la Kwanza

Ndugu mfanyakazi, kijana wako akitaka kujifunza kuandika programu, usikimbilie kukopa ili umnunulie kompyuta. Mpe kwanza daftari na hati yako ya mshahara. Aandike hatua kwa hatua jinsi fedha ile inavyopatikana: saa za kazi, malipo ya saa, makato. Kompyuta haibahatishi, hatua ikirukwa, jibu huharibika. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, si kwenye mashine.

Baadaye aende Maktaba ya Umma ya Kigali, hapa Kacyiru, iliyofunguliwa mwaka 2012, aulize utaratibu wa kutumia kompyuta. Lugha ya Python hailipiwi. Aandike:

saa = 48
malipo = 500
print(saa * malipo)

Kinyota ni kuzidisha. Neno print huiamuru mashine ionyeshe jibu, yaani 24000. Kisha abadili saa, aongeze na mstari wa makato.

Jibu lake lisipolingana na hati yako, litafuteni kosa pamoja, mstari kwa mstari. Mara nyingi litakuwa la kijana. Likiwa la karani wa mishahara, mlete hati hiyo kwa mwakilishi wenu wa chama kabla mwezi haujaisha.