Mahali, Mtazamo na Mpangilio: Misingi ya Michoro ya Tarakilishi kwa Jicho la Sarufi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba taaluma za sayansi limerudiwa mara nyingi hata baadhi ya wazungumzaji wake wamelikubali bila kulichunguza. Aghalabu wanaolitoa huashiria uhaba wa istilahi. Hata hivyo, istilahi ni jina tu. Kinachomtatiza mwanafunzi ni dhana inayobebwa na jina hilo. Makala haya yanadhamiria kueleza namna tarakilishi inavyojua mahali pa kuchora kitu, na namna inavyokisogeza, kukizungusha na kukikuza. Aidha, yanaonyesha kwamba dhana mbili zinazowatatiza sana wanaoanza taaluma hii, yaani utegemezi wa mahali na uzito wa mpangilio, zimo tayari katika sarufi ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huitumia kila siku.

2.0 Mahali na Kitovu Chake

Tarakilishi haijui "juu" wala "kando", inajua nambari. Msingi wa kueleza mahali kwa nambari huhusishwa na René Descartes, ambaye katika kitabu chake La Géométrie cha mwaka 1637 aliunganisha jometri na aljebra. Katika mfumo uliotokana na fikra hizo, nukta yoyote kwenye bapa hutajwa kwa nambari mbili: ya kwanza hupima umbali kwenye mhimili wa x, ambao umelala, na ya pili kwenye mhimili wa y, ambao umesimama. Jozi hiyo huitwa majiranukta. Mihimili inapokutana ndipo penye kitovu, nacho huandikwa (0, 0).

Majiranukta hayana maana pasipo kitovu. Nukta (2, 0) haisemi lolote hadi ijulikane hatua hizo mbili zinahesabiwa kutoka wapi. Hali ni hiyo hiyo kwa viashiria vya mahali: hapa, hapo na pale. Anayeokota karatasi njiani iliyoandikwa "nisubiri hapa" hawezi kutii agizo hilo, kwa kuwa hajui mwandishi alikuwa wapi alipoliandika. Neno ni sahihi, sarufi haina dosari, lakini kitovu kimepotea.

3.0 Kutoka kwa Kitu hadi kwenye Skrini

Mchoro mmoja wa tarakilishi huwa na vitovu kadhaa. Mathalani, lipo birika mashuhuri ambalo Martin Newell alilibuni kwa nambari mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, na ambalo wataalamu wa michoro wamelitumia tangu hapo kama kielelezo. Nukta za mdomo wake, mkono wake na kifuniko chake hupimwa kutoka kwenye kitovu cha birika lenyewe. Huo ni mfumo wa kitu. Birika likiwekwa juu ya meza chumbani, nukta zake hupimwa upya kutoka kwenye kitovu cha chumba kizima. Huo ni mfumo wa ulimwengu. Kisha hupimwa tena kutoka kwa mtazamaji, yaani katika mfumo wa kamera. Baada ya hapo, vitu vya mbali hufanywa vionekane vidogo, na hatimaye kila nukta hupewa mahali pake kwenye skrini.

Ikumbukwe kwamba hakuna kamera ya kweli ndani ya programu. Ili ionekane kwamba mtazamaji amekwenda kulia, ulimwengu mzima husogezwa kushoto. Msafiri aliyeketi ndani ya matatu huiona miti ikikimbia kurudi nyuma. Tarakilishi huchukulia maono hayo kuwa ndiyo ukweli wenyewe.

Hatua ya mwisho huwaponyoka wengi. Katika OpenGL, maktaba ya michoro iliyotolewa mwaka 1992, nukta zinazoonekana huwa na thamani kati ya -1 na 1, kitovu kikiwa katikati na y ikipanda juu. Kinyume chake, mifumo mingi ya skrini huweka kitovu kwenye pembe ya juu kushoto, na y huongezeka kuelekea chini, kama msomaji anavyoteremka ukurasa. Tuseme skrini ina pikseli 800 kwa 600. Nukta (0, 0) itaangukia (400, 300), na nukta (0, 0.5) itaangukia (400, 150), juu ya katikati. Mtayarishaji wa programu akisahau kuugeuza mhimili wa y, nukta hiyo ya pili itaangukia (400, 450), na birika litachorwa kichwa chini.

4.0 Matendo Matatu ya Msingi

Matendo ya msingi ya kugeuza nukta ni matatu. Kuhamisha ni kuongeza nambari maalumu kwenye majiranukta. Kubadili ukubwa ni kuyazidisha. Kuzungusha ni kuyachanganya kwa kutumia pembe, kitovu kikibaki palepale. Kinyume cha mwendo wa saa, mzunguko wa nyuzi 90 huigeuza (x, y) kuwa (-y, x).

Kitu kikitakiwa kuzunguka palepale kilipo, kitovu hakina budi kuletwa kwake kwanza. Chukua mraba wenye katikati (4, 3) na nukta yake (5, 3). Ondoa katikati, upate (1, 0). Zungusha, upate (0, 1). Rudisha katikati, upate (4, 4). Asiyefuata hatua hizi huuona mraba wake ukitoroka na kulizunguka bapa zima.

Kuzungusha na kubadili ukubwa huwezekana kwa kuzidisha nukta kwa jedwali la nambari liitwalo matriksi. Kuhamisha, kwa kuwa ni kujumlisha, hakukubali utaratibu huo. Suluhisho lilitokana na fikra za August Ferdinand Möbius za mwaka 1827, nalo lilitumiwa katika michoro ya tarakilishi na Lawrence Roberts katika miaka ya 1960: nukta (x, y) huongezewa nambari ya tatu, ikawa (x, y, 1). Kwa nyongeza hiyo ndogo, matendo yote matatu huwa ni kuzidisha, na mfululizo mrefu wa matendo huunganishwa ukawa matriksi moja inayotumika kwa maelfu ya nukta.

5.0 Mpangilio Kama Maana

Chukua nukta (2, 0). Izungushe nyuzi 90, upate (0, 2). Kisha ihamishe hatua 3 kulia, upate (3, 2). Sasa geuza mpangilio. Ihamishe kwanza, upate (5, 0). Kisha izungushe, upate (0, 5). Matendo ni yale yale, nukta ni ile ile, ila matokeo ni mawili tofauti.

Mwanafunzi wa mnyambuliko wa vitenzi hatashangaa. Kutokana na mzizi -pig- hupatikana piganisha na pigishana. Katika piganisha, kiambishi -an- kimeungana na mzizi kwanza: watu wanapigana, na kuna anayewasababisha. Katika pigishana, -ish- ndicho kilichotangulia: kuna kusababisha kupiga, na wahusika wanatendeana hivyo. Kiambishi kilicho karibu zaidi na mzizi ndicho kinachotenda kwanza. Vivyo hivyo, matriksi zinapoandikwa kushoto mwa nukta, iliyo karibu zaidi na nukta ndiyo inayotenda kwanza, ingawa jicho huisoma mwisho.

Ulinganisho huu una mipaka. Uhamishaji mmoja ukifuatwa na mwingine, mpangilio haubadilishi chochote. Isitoshe, sarufi huruhusu baadhi ya mifuatano ya viambishi na kuikataa mingine, ilhali matriksi za ukubwa mmoja huzidishwa kwa mpangilio wowote.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba mahali hutegemea kitovu, na kwamba matokeo hutegemea mpangilio. Mzungumzaji wa Kiswahili huyajua yote mawili kabla ya kuiona tarakilishi. Ni wajibu wa walimu na wasomi wa Kiswahili, basi, kuanzia kwenye ujuzi huo wanapoifundisha sayansi. Istilahi zitakazokosekana zitaundwa au zitatoholewa, kama ilivyofanyika kwa matriksi na pikseli. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha piganisha na pigishana hawezi kuambiwa kwamba lugha yake haina pa kuanzia.