Alitembea Kwenda Siloamu Akiwa Bado Haoni

Somo la wiki: Yohana 9:1–25, Wagalatia 6:2–5



Habari ya yule mtu aliyezaliwa kipofu tunaipenda kwa mwisho wake, pale anaporudi anaona. Leo tusimame katikati, pale ambapo huwa tunapita mbio.

Yesu alimpaka tope machoni, akamtuma akanawe Siloamu. Hebu fikiria. Hakumletea maji pale alipokaa. Biblia haisemi kama kuna mtu alimsindikiza. Inasema tu kwamba alienda. Muujiza ulimngoja birikani, lakini safari ya kufika huko aliifanya akiwa bado haoni, tena na tope usoni.

Waangalie wazazi wake pia, aya ya 18 hadi 23. Waliogopa kufukuzwa katika sinagogi, wakasema mtoto wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Walisema kwa uoga, lakini neno lilikuwa la kweli. Na alipoulizwa, alijibu kwa ujasiri kuliko wao.

Sasa turudi hapa Kaloleni, maana nina jambo la kutubu.

Kuna mama wa ushirika wetu aliyepoteza kuona kwa sababu ya presha ya macho. Tulimwombea, tukafunga, na hilo halikuwa kosa. Kosa lilikuja alipotaka kwenda kujifunza kutembea na fimbo nyeupe. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama, ukishika fimbo umeukubali upofu. Mngoje Bwana." Akangoja. Miaka miwili alikaa ndani. Binti yake akawa anakosa shule ili amnunulie mboga, ampeleke choo, amlete kanisani. Gharama ya hiyo niliyoiita imani ililipwa na mtoto wa mwenyewe.

Siku moja mama akaniambia, "Pasta, mliniombea macho, asanteni. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini."

Nilinyamaza. Nikamkumbuka Bartimayo, Marko 10:51. Yesu alijua shida yake, na bado alimuuliza anataka afanyiwe nini.

Basi alienda, akajifunza. Leo anauza omena. Gorogoro anaisawazisha kwa kiganja. Noti ya mia anaikunja mara moja, ya mia mbili mara mbili, ya mia tano ina mfuko wake. Pesa ya simu ikiingia, simu inamsomea ujumbe kwa sauti. Funguo zina msumari wake ukutani, na ole wake atakayezihamisha! Macho hayajarudi, na bado tunaomba. Lakini binti yuko shuleni.

Wengine watauliza: je, Paulo hakusema tubebeane mizigo? Alisema, Wagalatia 6:2. Soma mpaka aya ya 5: kila mtu pia ana furushi lake. Hayo mawili hayapigani. Mkumbuke Mkenya mwenzetu Henry Wanyoike. Mwaka 1995, akiwa bado kijana, kiharusi kilimwondolea kuona. Mwaka 2000, kule Sydney, alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki. Alikimbia na mwongozaji, wameunganishwa kwa kamba. Mwongozaji alimwonyesha njia, lakini hakukimbia kwa niaba yake. Tena karibu na utepe mwongozaji aliishiwa nguvu, ikawa asiyeona ndiye anayemvuta anayeona!

Kwako ndugu au dada usiyeona: omba uponyaji, na ujifunze pia. Fimbo si ukosefu wa imani, kama vile miguu ya yule mtu wa Siloamu haikuwa ukosefu wa imani. Kazi unayoiweza, usiiache kwa sababu kuna mtu wa kukufanyia. Usiyoiweza, omba msaada bila aibu. Na msaada usioutaka, ukatae kwa upole.

Kwetu tunaoona:

1. Ongea naye mwenyewe. Usimuulize binti, "Mama atakunywa chai?" Mama yuko hapo.
2. Ukimsalimu, taja jina lako. Ukiondoka, mwambie, asije akabaki anaongea na kiti.
3. Usimkokote. Muulize kwanza, kisha mpe kiwiko akishike, nawe utangulie nusu hatua. Yesu naye alimshika kipofu mkono, Marko 8:23. Kusaidia si dhambi.
4. Usiache viti na ndoo njiani. Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo.
5. Una mtoto asiyeona? Usimfiche. Shule ya Wasioona ya Kibos iko hapa hapa Kisumu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kusoma na kutumia breli.
6. Nenda ukapimwe macho mapema. Presha ya macho huiba polepole bila maumivu. Dawa inaweza kuizuia isiendelee, lakini kilichokwisha kuibwa haikirudishi.

Swali la nyumbani: Ni nani unayemfanyia kila kitu, na hujawahi kumuuliza anataka nini?

Jambo la wiki: Msomee mwenzako asiyeona somo hili, lote, hata pale nilipokosea. Kisha nyamaza umsikilize.

Tuombe: Bwana, ponya macho yetu. Na tunapongoja, tupe miguu ya kwenda Siloamu. Utusamehe sisi tuliowakalisha wenzetu chini kwa jina lako. Amina.